UKUTA UUAO VIINI

Asubuhi ya leo umeshika kitasa cha mlango wa bweni. Wenzako chungu nzima walikishika kabla yako, huyu akitoka msalani, yule akipenga kamasi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Je, wajua kwamba kuna utando mwembamba unaopakwa kwenye kigae au ukuta, ukaua bakteria kwa kumulikwa tu?

Utando huo hutengenezwa kwa dioksidi ya titani, unga uleule utiao weupe katika rangi za nyumba, ila hapa chembe zake ni ndogo ajabu. Ukizipanga chembe 50 za nanomita 20 kwa mstari, utapata maikromita moja tu, ambayo ni takriban upana wa bakteria mmoja!

Sasa, mambo huendaje? Miale ya jua ya urujuanimno ikipiga chembe hizo, elektroni huruka na kuacha pengo. Oksijeni ya hewani huinyakua elektroni hiyo, nalo pengo huinyang'anya maji elektroni yake. Hapo huzaliwa molekuli kali zisizotulia, ambazo hutoboa ngozi ya bakteria mpaka ya ndani yakavuja. Basi, kwisha! Nayo dioksidi haipungui. Kesho jua likitoka, kazi huanza upya.

Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha mwaka wa 1972 kwamba dioksidi hii ikimulikwa huweza kupasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni. Mwaka wa 1985 Wajapani wengine wakaonyesha kuwa huua vijidudu. Nasi hatuko mbali: madini ya titani yalichimbwa kwetu Kwale hadi mwaka wa 2024.

Kwa nini tujali? Mwaka wa 2019 pekee, bakteria sugu wasiosikia dawa waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Viini vikifia ukutani, huenda wagonjwa wanaohitaji dawa wakapungua.

Ila tusidanganyane. Gizani utando huu hulala fofofo. Taa za kawaida hazina urujuanimno wa kutosha, na uchafu ukiufunika, mwanga haupenyi. Tena haui papo hapo. Kwa hivyo, mwanachama mwenzangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Ukitoka msalani, nawa mikono kwa sabuni, ndipo ushike kitasa!