Miguu Inapovimba kwa Mwenye Maradhi ya Sukari



Hapa kwetu Ndundu, kando ya mto Rufiji, mtu akivimba miguu watu hawakosi jina la kuupa uvimbe huo. Huyu husema ni matende, yule husema amekanyaga uchawi. Nasi tulikuwa katika wenye kusema matende, mpaka alipougua jirani yetu mmoja, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari. Kwa miezi mingi alijifukiza majani, na sisi tukimpa moyo. Alipofikishwa hospitali, figo zake zilikuwa zimekwisha haribika. Ametangulia mbele ya haki, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Matende yapo katika Pwani yetu, hatukatai. Huletwa na vidudu vichukuliwavyo na mbu, na kampeni ya kuyafuta nchini ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000 kwa dawa za kumeza. Lakini sukari nayo imezidi. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, haukukuta hata mtu mmoja mwenye sukari katika kila mia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika kila 100 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Basi si kila mguu uliovimba ni wa matende.

Na sukari huuvimbishaje mguu? Akina mama huchuja tui kwa kifumbu, machicha yakabaki. Figo ndiyo kifumbu cha damu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, hasa ikifuatana na presha, kifumbu hicho hulegea. Protini, ambayo huyazuia maji yasitoke katika mishipa, hupotea na mkojo, na mkojo hufanya povu lisilokwisha upesi. Tena figo iliyochoka haitoi chumvi na maji kama ipasavyo. Maji hayo huingia katika nyama za mwili, na mfano wa maji ya mto wetu, hutafuta kwanza palipo chini: miguuni jioni, na aamkapo mtu asubuhi, machoni.

Ziko sababu nyingine. Moyo uliodhoofishwa na sukari huvimbisha miguu, na mwenyewe hukosa pumzi alalapo chali. Dawa nazo, kama pioglitazoni ya sukari na amlodipini ya presha, huweza kuleta uvimbe. Asiziache mtu kwa shauri lake, bali amweleze tabibu. Na ukivimba mguu mmoja ghafula, wenye moto au maumivu, huenda ni kidonda kilichooza ndani au damu iliyoganda. Huyo asingoje kesho.

Mara tano kwa siku twaosha miguu kwa udhu. Mwenye sukari na aitumie nafasi hiyo kutazama nyayo zake na baina ya vidole, kwani ganzi humfanya asiusikie mwiba, kisha ajikaushe vizuri. Halafu abonyeze kwa kidole gumba juu ya muundi, ahesabu kumi, aachie. Kishimo kikibaki, pana maji. Lakini kidole hakisemi maji yametoka wapi. Hilo husemwa na kipimo. Aende zahanati, au hospitali ya wilaya Utete, apimwe sukari, presha, mkojo na damu ya kuangalia figo.

Nyumbani apunguze chumvi, na papa na ng'onda awale kwa nadra. Asinunue dawa ya kukojoa dukani bila ya tabibu, wala asinywe mizizi asiyoijua, maana mingine huimaliza figo. Na kabla ya Ramadhani aulize kama aweza kufunga. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Si ushujaa kuikataa.

Marehemu jirani yetu alikuwa akitawadha ubavuni petu kila Alasiri. Miguu yake tuliiona ikivimba siku baada ya siku, wala hatukumwambia neno la maana. Wewe uliyesoma haya, ukiiona miguu ya nduguyo, mwambie.

Mwenyezi Mungu amrehemu, naye atujaalie afya. Amin.