Kuwafundisha Wanaoanza Kifaransa Kuzungumza Habari za Siku

Wanachuo wengi waendao mazoezi ya kufundisha hudhani kwamba habari za magazetini na redioni ni kwa wanafunzi waliokwisha kukomaa katika lugha. Mwanafunzi aanzaye Kifaransa, wasema, na afundishwe kwanza kusalimu, kuhesabu na kutaja vitu vya darasani. Mambo ya dunia atayakuta baadaye. Fikira hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ikishikwa bila kiasi humtoa mwanafunzi ajuaye kusema « le stylo est sur la table », naye hana neno la kumwambia mgeni aliyetoka Bujumbura jana. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi anayeanza awezavyo kuzungumza habari za siku kwa maneno machache aliyo nayo, na mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaangalia.

Sababu za kufanya hivyo

Kifaransa si lugha ya Ulaya tu. Ni mojawapo ya lugha rasmi za majirani zetu wa Burundi, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Visiwa vya Komoro. Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili, 2022. Kwa hiyo habari nyingi zinazotuhusu huandikwa na kutangazwa kwa Kifaransa kabla hazijatufikia kwa Kiswahili.

Sababu ya pili ni ya ufundishaji. Mwanafunzi aliyekwisha kusikia habari kwa Kiswahili nyumbani huja darasani na maana kichwani. Linalobaki ni kumpa maneno. Redio ya Kifaransa RFI ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 2010, nayo hutayarisha pia taarifa kwa Kifaransa chepesi kwa ajili ya wanaojifunza. Mwalimu awezaye kusikiliza habari moja katika lugha zote mbili amepata zana ya kufundishia isiyogharimu kitu.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni kichwa cha habari. Gazeti la Kiswahili huandika « Moto wateketeza soko »: kitenzi kimo. Gazeti la Kifaransa aghalabu huacha kitenzi na kutumia nomino: « Incendie au marché ». Anayeanza hutafuta kitenzi asikione, akakata tamaa. Mfundishe kwamba nomino ya kwanza ndiyo inayobeba tendo, kisha mpe zoezi la kuirudisha katika sentensi kamili. « Visite du président au Kenya » na iwe « Le président visite le Kenya ». « Arrivée du ministre à Goma » na iwe « Le ministre est arrivé à Goma ».

Mtego wa pili ni wakati. Sisi hutofautisha « Waziri amefika » na « Waziri alifika ». Kifaransa cha kuzungumza hutosheka na umbo moja kwa yote mawili: « Le ministre est arrivé ». Kwa hiyo mwanafunzi wetu azoee kuongeza neno la wakati: « hier », « ce matin », « lundi ». Bila neno hilo msikilizaji hatajua kama jambo ni la leo au la juzi. Vitenzi vya kawaida huchukua « avoir », kama « a gagné » na « a quitté ». Vichache vitumikavyo mno katika habari huchukua « être »: « est arrivé », « est parti », « est venu », « est entré », « est mort ». Hivi vichache vifundishwe kama misemo ya kukariri, si kama kanuni.

Mtego wa tatu ni mahali. Kiswahili husema « nchini Kenya, nchini Tanzania » bila kubadili kitu. Kifaransa hubadilika kufuata jinsi ya jina: « au Kenya », « au Rwanda », « au Burundi », lakini « en Tanzanie », « en Ouganda », « en République démocratique du Congo », na « aux Comores ». Miji huchukua « à »: « à Kigali », « à Goma ». Ramani ya Afrika Mashariki ikibandikwa ukutani, na kila nchi ikaandikwa pamoja na kihusishi chake, hufanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa.

Mtego wa nne ni tarakimu. Habari hujaa hesabu. Mfaransa husema « soixante-dix » kwa 70 na « quatre-vingt-dix » kwa 90. Mtangazaji wa Kongo au wa Burundi, kwa kuwa Kifaransa cha huko kilipitia kwa Wabelgiji, aghalabu husema « septante » na « nonante ». Mwanafunzi asiambiwe kwamba namna moja ni kosa. Aelewe zote, aseme moja.

Mfano wa somo

Tumechagua habari ya mwaka 2021 kwa kuwa mambo yake yamekwisha kuthibitika. Darasani mwalimu na atafute habari ya juma hilo. Sentensi za ubaoni ni nne:

Le 22 mai 2021, le volcan Nyiragongo est entré en éruption. Le volcan est près de Goma, en République démocratique du Congo. La lave est arrivée près de l'aéroport. Beaucoup d'habitants ont quitté la ville.

Kipindi cha dakika 40 kigawanywe hivi. Kwa dakika 5 za kwanza mwalimu aulize kwa Kiswahili wanafunzi wajualo juu ya milima ya volkeno na juu ya mji wa Goma. Dakika 8 zifuatazo afundishe maneno mapya sita tu: « un volcan », « une éruption », « la lave », « un habitant », « quitter », « près de », kwa picha na ramani. Dakika 7 asome sentensi moja moja, wanafunzi wakiitikia. Dakika 10 zitumike kwa maswali: « Où est le volcan ? », « Qui a quitté la ville ? », « C'est quand ? ». Swali la « Qu'est-ce qui s'est passé ? » lifundishwe zima bila kuchambuliwa. Majibu ya neno moja yakubaliwe kwanza: « À Goma ». Kisha mwalimu adai sentensi.

Dakika 10 za mwisho wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja mtangazaji na mwingine msikilizaji, nao wabadilishane. Msikilizaji naye aweze kusema neno lake: « C'est triste », « C'est une bonne nouvelle », « Je suis d'accord », « Je ne suis pas d'accord ». Misemo hiyo minne yatosha. Tusiwape wanaoanza « Je ne pense pas que », maana huvuta nyuma yake umbo la kitenzi wasilolijua bado.

Habari iliyothibitishwa na habari ya kusikia

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote tuliyoyataja. Linganisha sentensi hizi mbili:

Cinq passagers sont morts.
Cinq passagers seraient morts.

Ya kwanza husema kwamba abiria watano wamekufa. Ya pili husema kwamba inasemekana wamekufa, ila mwandishi hajathibitisha. Tofauti yote imo katika neno moja, « sont » na « seraient ». Vivyo hivyo « Le ministre a quitté le pays » ni habari ya hakika, na « Le ministre aurait quitté le pays » ni habari ya kusikia. Kiswahili hulionya sikio mapema kwa « inasemekana » au « inadaiwa ». Kifaransa hulificha onyo hilo ndani ya kitenzi, na anayeanza hulipita asilione.

Madhara yake si ya sarufi tu. Mtoto aliyesoma « seraient morts » akaeleza nyumbani kwamba watu wamekufa, amegeuza uvumi kuwa msiba. Na katika miji yetu kuna nyumba ambazo ndugu zao wako Goma, Bukavu au Bujumbura. Ulimi hauna mfupa. Mwalimu ndiye wa kuupa kiasi.

Hatusemi kwamba anayeanza afundishwe kuunda umbo hilo. Afundishwe kulitambua tu. Maneno « serait », « seraient », « aurait » na « auraient » yaandikwe kwa rangi nyekundu kwenye kadi na kubandikwa juu ya ubao. Mwanafunzi akiyakuta katika habari, asiyatamke yeye mwenyewe kama hakika, bali aanze sentensi yake kwa « On dit que » au « Selon la radio ». Misemo hiyo miwili ni myepesi, nayo yamwezesha mtoto wa Kifaransa cha miezi mitatu kusema kweli.

Kuchagua habari

Mwalimu ajiulize mambo matatu kabla ya kuleta habari darasani. Je, wanafunzi wanaijua kwa Kiswahili? Je, yaweza kusemwa kwa sentensi nne au tano zisizozidi maneno mapya sita? Je, yumo darasani mtoto atakayeumizwa nayo? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, habari hiyo iachwe, hata ikiwa nzuri kwa sarufi. Kuna nyingine zifaazo: michezo, hali ya hewa, mavuno, ufunguzi wa daraja. Mwezi Novemba, 2021, UNESCO mjini Paris iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Habari kama hiyo humpa mtoto furaha ya kuisimulia lugha yake kwa lugha ya wengine.

Mwisho, twawakumbusha wanachuo kwamba mwalimu mwenye Kifaransa kidogo asiogope somo la namna hii, mradi aandae sentensi zake mapema, azisome kwa sauti, na kukagua kila kitenzi. Akiulizwa neno asilolijua, na aseme atalitafuta, kisha alilete kesho yake. Wanafunzi hujifunza pia kutokana na hilo, kwa kuwa mtu asemaye habari sharti kwanza ajue ni lipi alijualo kwa hakika.