Je, Wajua? Treni Inayopita Juu ya Mkia Wake

Je, wajua kuna mahali treni ya mizigo hupita juu ya mkia wake yenyewe? Ni Tehachapi, California, nchini Marekani. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1876, ikijengwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa Kichina. Mlima ulikuwa mkali mno kupandwa moja kwa moja, hivyo wahandisi waliikunja njia kama nyoka: inaingia handakini, inazunguka kilima, kisha inavuka juu ya handaki lile lile, mita 23 hivi juu zaidi. Treni ndefu kupita kilomita 1.2 hujikuta kichwa kiko juu, mabehewa ya mwisho yangali chini.

Ndiyo maana wapiga picha hawakosekani huko. Kuikimbiza treni yenyewe si kazi. Ikipanda hujikokota, na mwenye gari huitangulia kwenye kona inayofuata. Kazi ni kusubiri. Tena uchague upande: jua la asubuhi likiwa mbele yako, utarudi nyumbani na picha ya kivuli cheusi, injini huioni.