Mchuzi wa mboga wa Kihindi: Mkali bila nyama wala samli

WANAOSHAURIWA na daktari wapunguze nyama, mafuta na chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu aghalabu hutii kwa wiki mbili hivi. Huandaliwa kabeji na karoti za kuchemshwa, zisizo na ladha yoyote, na kabla ya mwezi kwisha wamerudia nyama choma. Lawama si zao peke yao. Wapishi wengi wa mijini wanajua njia mbili tu za kukoleza mboga: kuongeza chumvi au kuongeza mafuta.

Wako wenzetu wanaoijua njia ya tatu. Miongoni mwa Wakenya wenye asili ya jimbo la Gujarati, India, wamo wengi ambao hawajala nyama wala samaki tangu wazaliwe, na viungo ndivyo vinavyowatilia mboga ladha. Hata hivyo, usidhani kwamba kila mchuzi wao wa mboga unamfaa mtu asiyetaka kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Samli, maziwa na mtindi hutumika sana katika mapishi yao. Mchuzi tunaoueleza leo hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa watu watano, tafuta viazi 3, karoti 2, biringanya 1, nusu ya koliflawa na kikombe kimoja cha njegere mbichi, au minji kama wengi wanavyoziita. Andaa pia vitunguu 2, nyanya 4 zilizoiva sana, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi ukubwa wa kidole gumba na pilipili mbichi 2 au 3.

Teleka sufuria, utie vijiko 3 vya mezani vya mafuta ya maji. Yakipata moto, tia kijiko kidogo cha uzile, ile bizari nyembamba ya kutilia pilau, ikiwa nzima. Ngoja ianze kulia na kunukia. Hapa ndipo ladha inapozaliwa, kwa kuwa harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Anayevimwaga viungo vyake juu ya mboga zinazochemka amevipoteza bure.

Sasa tia vitunguu na uvikaange bila haraka mpaka viwe rangi ya kahawia, kama dakika 10. Ongeza saumu, tangawizi na pilipili zilizopondwa. Punguza moto kabla ya kutia nusu kijiko kidogo cha manjano na vijiko 2 vidogo vya giligilani ya unga, maana unga huungua upesi ukawa mchungu. Nyunyizia maji kidogo, kisha tia nyanya. Koroga mpaka ziwe rojo na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Usiharakishe hatua hii.

Viazi na karoti hutangulia, zikiwa zimekatwa vipande vidogo, pamoja na kikombe cha maji. Funika dakika 10. Ndipo ufuatishe biringanya, koliflawa na njegere kwa dakika nyingine 10. Ukizitia zote kwa pamoja, koliflawa itavurugika viazi vikiwa bado vigumu.

Chumvi ni nusu kijiko kidogo kwa sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo, na mkate wa asubuhi umekwisha kuchukua sehemu yake. Soma pakiti ya unga wa mchuzi kabla ya kuinunua, kwani nyingine zimetiwa chumvi tayari. Ukiepua, kamulia ndimu, nyunyizia dania na nusu kijiko kidogo cha garam masala. Uchachu wa ndimu hufanya ulimi usidai chumvi zaidi. Watu wa Pwani watataka kutia tui la nazi. Ni tamu, lakini lina mafuta mengi ya aina ile ile ambayo mgonjwa wa moyo huambiwa apunguze.

Je, pilipili huleta vidonda vya tumbo? Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au dawa za kutuliza maumivu. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005 kwa kumgundua bakteria huyo. Lakini mwenye vidonda tayari, akiona pilipili inamchoma, aiache. Mchuzi bado utakuwa na ladha.

Ukiula badala ya nyama, ongeza kikombe cha kamande zilizochemshwa ili kupata protini. Chai iachwe kwa saa moja baada ya mlo, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka. Naye aliyeacha kabisa nyama, maziwa na mayai amwulize daktari kuhusu vitamini B12, ambayo mboga hizi hazina hata zipikwe vipi.