Ukenda Bara, Funga Mzigo kwa Akili

Kila vyuo vifunguliwapo, huwaona vijana wetu wa Tiwi kando ya barabara kuu wamesimama na mabegi, wakingojea matatu ya Likoni. Mmoja aenda Limuru, mwingine Kisumu, na pengine wa tatu kapata kazi Lodwar. Lakini ukiitazama mizigo yao, yote ni ya namna moja, utadhani waendako hewa ni moja. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, wasomaji wapenzi.

Wengi tulifunzwa kwamba Kenya hupitiwa na ikweta, na kwa hivyo ni nchi ya joto. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Baridi ya nchi hii hutokana na kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii sita. Sisi wa Tiwi tuko ufuoni. Nairobi iko juu karibu mita 1,700. Limuru yapita mita 2,000. Mlima Kenya, ulio jirani na ikweta, wafikia mita 5,199 na una barafu, ingawa yazidi kupungua.

Mwenye shaka na atazame chupa ya mafuta ya nazi. Huku kwetu ni maji siku zote. Lakini mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na huko Limuru huwa magumu kama samli. Kwa hivyo usiyatie katika chupa ya mdomo mwembamba, bali katika kopo la mdomo mpana uweze kuyachota.

Baridi kali ya Nairobi na Limuru ni ya Juni hadi Agosti, wakati kusi lavuma huku kwetu. Aendaye huko na achukue sweta nzito, soksi na viatu vya kufunika mguu. Wa Kisumu asibebe sweta nyingi. Huko kuna joto na mvua ya alasiri yenye radi, na malaria ipo. Yake ni mwavuli na chandarua. Wa Lodwar aenda penye jua kali na ukavu: nguo nyepesi, pana, na kitu cha kufunika kichwa.

Mpwa wangu mmoja alipopata nafasi chuoni huko juu, mamake alikuwa na fedha za kitu kimoja tu: viatu vya fasheni au nguo za baridi. "Mjomba," akaniambia, "wenzangu wataniona mshamba." Nikamwambia, "Mwanangu, mshamba ni yule atetemekaye darasani asisikie mwalimu asemalo." Tulikwenda soko la Kongowea, tukapata sweta mbili za mitumba na shali, na baki ya nauli.

Leso na vikoi msiviache nyumbani. Doti moja ya leso ni shuka, ni taulo, ni mtandio, ni kifungio cha furushi. Hakuna begi la dukani lenye kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo.

Lililo zito zaidi ni sala. Nimewajua vijana walioanza kuichelewesha alfajiri, kisha wakaiacha, kwa kuogopa maji ya baridi tu. Na dini imeleta wepesi. Ziko soksi za ngozi ambazo chuoni tuliziita khofu: ukizivaa baada ya kutawadha kikamilifu, nazo zimefunika mguu mpaka vifundoni, waweza kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu. Msafiri ana siku tatu na masiku yake. Mkaazi ana siku moja na usiku wake. Mwanafunzi aliyefika akatia nia ya kukaa huhesabiwa mkaazi. Wazazi, mtoto aelezwe haya kabla hajaondoka.

Katika Surat An-Nahl, Mwenyezi Mungu ametutajia miongoni mwa neema Zake joto tulipatalo kwa wanyama, na mavazi ya kutukinga na joto la jua. Neema zote mbili zimo katika nchi yetu hii moja. Basi kabla ya kufunga begi, muulizeni aliyewahi kuishi huko muendako, aamkapo alfajiri huvaa nini.