Kuni Hazizimwi kwa Semina

Karibu kila mkutano wa mazingira mkoani Mara hufika kwenye swali lilelile: wananchi wapewe elimu gani ili waache kukata miti? Huuliza madiwani, huuliza maofisa, huuliza watu wa mashirika, hata walioishi kijijini Nyegina miaka yote na kuona wanawake wakirudi jioni na mizigo ya kuni kichwani. Swali hili limeulizwa vya kutosha. Limebeba jibu ambalo halijachunguzwa: kwamba anayepikia kuni hajui anachofanya, na kwamba akijua ataacha. Dhana hiyo si kweli, na mipango inayojengwa juu yake haidumu.

Anayejua madhara ya kuni kuliko wote ni mpishi mwenyewe. Moshi humwingia yeye machoni, na yeye ndiye anayehesabu jinsi safari ya kuni inavyorefuka mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ni takwimu nzito kwa anayepanga bajeti. Kwa mama anayekohoa jikoni haiongezi neno.

Tatizo linaonekana vizuri zaidi kwenye sufuria kuliko kwenye kichwa cha mpishi. Ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, ni mzito na unanata. Mpishi hushika mwiko kwa mikono miwili, hukandamiza, hugeuza, hukandamiza tena, na uzito wake wote huishia kwenye sufuria. Mafiga matatu yaliyokaa vizuri ardhini huuhimili uzito huo bila kutikisika. Jiko lililofungwa juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6 haliuhimili: sufuria huzunguka na mwiko, mtungi huyumba, na mpishi huishusha sufuria chini au humwita mtoto aishike kwa kitambaa, kando ya moto. Nyumba kama hiyo huchemshia chai kwenye gesi, hupashia mboga kwenye gesi, kisha hurudi kwenye mafiga kusonga ugali na kuchemsha maharage. Watafiti wa nishati wamelikuta jambo hili katika nchi nyingi: jiko jipya huwekwa kando ya la zamani, na yote mawili huendelea kutumika. Anayeona moshi ukitoka kwenye nyumba yenye mtungi husema watu hawa hawabadiliki. Hajaingia jikoni.

Bei nayo haihitaji falsafa. Kujaza mtungi wa kilo 6 kunapita shilingi 20,000, na zote hutakiwa kwa mkupuo. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya pesa ya siku hiyo. Kuni za kuokota hulipiwa kwa miguu. Tena moshi una kazi nyingine ambazo gesi haizifanyi: hukausha mahindi yaliyoning'inizwa juu ya jiko na hupunguza wadudu wanaotoboa miti ya paa la nyasi. Anayetaka moto huo uzimwe anapaswa kusema kazi hizo zitafanywa na nini.

Historia nayo imesahauliwa kwa urahisi mno. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha wakazi wengi wa Mara kwa nguvu, kutoka makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vilivyosongamana, na kuni za kaya nyingi zikaanza kutafutwa katika eneo moja. Kisha ukaja mkasa wa sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na kutawala ziwa miaka ya 1980. Dagaa na furu hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta mengi, jua peke yake halimkaushi, kwa hiyo hukaangwa au hubanikwa, na vyote viwili hutaka kuni. Viwanda vilipoanza kupeleka minofu Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yalibaki kwa wenyeji, nayo yakapita kwenye moto uleule. Hakuna mkazi wa Nyegina aliyeulizwa kama anataka kuhamishwa, wala kama anataka samaki huyo ziwani. Kumwambia leo kwamba miti imeisha kwa sababu hajaelimika ni kumbebesha deni la watu wengine.

Anayetaka kupima nguvu ya elimu na nguvu ya mazingira ambamo watu huchagua aitazame mifuko ya plastiki. Kwa miaka mingi wananchi walihubiriwa juu ya mifuko inayoziba mitaro na kumezwa na ng'ombe, na mifuko iliendelea kupepea. Tarehe 1 Juni 2019 ikapigwa marufuku Tanzania Bara, na katika wiki chache wauzaji masokoni walikuwa wamehamia mifuko mbadala. Hakuna aliyepata elimu mpya usiku wa Mei 31. Kilichobadilika ni kilichokuwapo dukani. Adhabu zenyewe zilijua pa kugonga: faini ya mtumiaji ilianzia shilingi 30,000, ya mtengenezaji na mwingizaji ilianzia milioni 20. Na pale vifungashio vyepesi vya plastiki vilipoanza kutumika kama mifuko ya kubebea, watu wakavipokea. Maarifa yao yalikuwa yaleyale.

Lawama, dawa ya pili inayopendwa, inaweza kudhuru. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka mabango katika msitu wa kale wa Arizona, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi waliopita wameiba lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa. Lililoomba tu watu wasichukue lilifuatiwa na wizi usiofika asilimia 2. Msikilizaji wa lalamiko husikia kwamba wizi ndio desturi. Mkutano wa hadhara unaoanza kwa "wananchi wengi mnakata miti ovyo" unafundisha jambo hilohilo.

Chanzo cha lawama kilielezwa na wanasaikolojia Edward Jones na Richard Nisbett mwaka 1971: binadamu hueleza kosa la mwenzake kwa tabia, na la kwake kwa hali. Mtumishi wa Musoma mjini akipikia mkaa husema gesi imemwishia katikati ya mwezi. Mwanamke wa Nyegina akipikia kuni huambiwa hana uelewa. Hata kwa upande wa tabianchi lawama hiyo haimstahili: hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe haifiki nusu tani kwa mwaka kwa Mtanzania mmoja. Kwa Mmarekani ni takriban tani 14. Katika hesabu hiyo, anayekemewa mkutanoni yuko chini kabisa.

Elimu inayofaa ni ile fupi ya matumizi: namna ya kugundua gesi inayovuja, namna ya kujenga jiko banifu lisilopasuka. Mengine ni ya vifaa, bei na haki. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Shule za bweni na taasisi nyingine zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimeshaagizwa kuacha kuni na mkaa, na hapo ndipo pa kuanzia, kwani jiko moja la shule hula kuni za kaya nyingi. Majumbani, gesi iuzwe kwa kipimo kidogo kidogo kwa mita, na jiko litenganishwe na mtungi, likae chini kwenye fremu ya chuma inayohimili mwiko. Jiko banifu la udongo lijengwe kwa kipimo cha sufuria ya mwenye nyumba, baada ya yeye kusonga ugali mbele ya fundi. Maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, kuni zikaushwe. Hayo hayana gharama. Miti ipandwe mpakani mwa shamba lenye mwenyewe, kwa makubaliano kwamba atakayeipanda ndiye atakayeikata. Shinyanga ilitumia haki kama hiyo kwa ngitili, malisho ya kaya na ya kijiji yanayofungwa kwa msimu: mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 zilikuwapo takriban hekta 600, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Wasukuma walikuwa wanaijua ngitili kabla mradi haujafika. Walichorudishiwa ni mamlaka juu yake.