Mbona Picha Zinatoka Nyekundu?

Vikundi vinavyochapa picha nyumbani vinatuuliza: tumetengenezewa profaili, ile faili ya kusawazisha rangi za printa, mbona nyuso bado zinatoka nyekundu? Mara nyingi rangi inarekebishwa mara mbili. Programu ya picha inatumia profaili, halafu printa nayo inaongeza marekebisho yake. Basi chagueni profaili kwenye programu, kisha zimeni marekebisho ya rangi upande wa printa.

Lakini kwanza pimeni matundu ya wino. Likiziba hata moja, mtaharibu karatasi bure, na karatasi ya picha si bei ya daftari.

Tena profaili ni ya wino mmoja na karatasi moja. Mkihamia wino wa kujaza, itabidi mtengenezewe nyingine, na karatasi ya majaribio ikauke siku nzima kabla haijapimwa.